Watu wa Nyumba ya Dada

Karani wa zahanati ya ng'ambo ya mji hakuinua hata macho. Aliuliza swali jepesi kuliko yote aliyouliza tangu asubuhi: "Unaishi wapi, mama?"

Jibu la swali hilo walikuwa wamelifanyia mazoezi. Tangu walipotoka nyumbani, kinyozi alikuwa akimkaririsha mama yake kama mtoto wa chekechea: ghorofani, nyuma ya posta, kwa binti yangu mkubwa. Mama alilisema vizuri ndani ya basi la kwanza, akalisema vizuri ndani ya basi la pili, na kwenye foleni alilisema hata bila kuulizwa, mpaka mwanawe akamfinya mkono. Lakini presha ilikuwa imempanda siku hiyo. Kichwa kilikuwa kinamzunguka, na mtu ambaye kichwa kinamzunguka hushika kilicho karibu.

"Bondeni kule, mwanangu," akasema. "Nyuma ya kiwanda cha mbao. Ukifika kwa mchomeleaji, yule anaitwa Chuma, ulizia tu mama wa kinyozi. Hata watoto watakuleta."

Kinyozi akacheka. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kucheka kabla mteja hajaona alipokatwa. "Mama anatania. Huko ndiko alikokaa zamani."

"Zamani lini?" karani akauliza.

"Zamani tu."

"Jana nimelala huko," mama akasema, akiona kwamba mwanawe amekwama na anahitaji msaada.

Nyuma yao mtu mmoja kwenye foleni alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Karani sasa aliinua macho. Akamtazama mama, akamtazama kinyozi, kisha akageukia kompyuta na kusoma kwa muda mrefu, midomo yake ikicheza.

"Hii nyumba ya dada yako ina vyumba vingapi?"

"Vitatu."

"Ukihesabu na jiko?"

Kinyozi akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Nauliza kwa sababu hapa naona wachomeleaji, wauza mkaa, mafundi viatu, mapacha jozi mbili, na wajawazito kadhaa. Wote wanalala kwa dada yako. Wanalala kwa zamu?"

Foleni ikacheka, na haikucheka kwa ubaya, ilicheka kama watu waliosimama muda mrefu na wamepata kitu cha kuwapumzisha miguu. Kinyozi, ambaye maisha yake yote yeye ndiye alikuwa akichekesha foleni, aligundua kwamba upande wa pili wa kicheko kuna joto. Jasho lilimshuka mgongoni.

"Nimemtoa mama yako kwenye orodha," karani akasema, akibonyeza kitu. "Na kaya ni moja. Akitoka mmoja mmetoka wote. Wewe, mkeo, watoto."

"Na vidonge vyake?"

"Atapewa na daktari wa mtaa wake."

"Mtaa wetu hauna daktari."

"Hilo halipo kwenye dirisha langu." Kisha akashusha sauti kidogo, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Hao wengine sijawagusa. Siwezi kumtoa mtu mpaka mwenye nyumba aje mwenyewe aseme hamjui. Wewe mwenzangu umesemwa na mama yako. Mpeleke akapumzike."

Njiani mama aliuliza kama alikosea mahali. Kinyozi akamwambia hapana, mama, umejibu vizuri sana, hata mimi nisingeweza kujibu vizuri hivyo.

*

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Serikali ya mji ilikuwa imeamua kwamba kila kaya iandikwe kwenye zahanati moja, na zahanati hiyo iwe na daktari wa familia anayewajua watu wake: huyu ana pumu, yule ana sukari, yule bibi anasahau vidonge makusudi. Bondeni walijengewa zahanati yao. Ilipakwa rangi, ikawekewa kitanda ambacho hakikuvuliwa nailoni, ikapewa mlinzi, ikafungwa. Daktari hakuletwa.

Kusubiri si kazi ya maskini, ana kazi nyingine. Kinyozi alikuwa na dada yake anayekaa ghorofani ng'ambo ya mji, mtaa wenye daktari. Akaandikisha kaya yake kule kwa anwani ya dada. Ikafanya kazi. Mteja mmoja akaomba, akampa. Wa pili akaomba. Kinyozi hakutoza mtu chochote, na hilo ndilo lililomfanya atukuke: alikuwa anaitwa mkubwa, mheshimiwa, balozi. Mtu alikaa kwenye kiti chake, akatoka na ndevu zimenyolewa na anwani mpya. Haukupita muda nusu ya mtaa ikawa inakaa kwa dada bila dada kuhama hata kiti.

Kinyozi alifanyia kazi kwenye chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Upande wa mbele alinyoa yeye. Upande wa nyuma mkewe alisuka. Pazia lilizuia macho tu. Maneno yalipita bila kubisha hodi, na wake waliosukwa nyuma walijua mambo ya waume zao walionyolewa mbele zaidi ya waume walivyodhani.

Siku chache baada ya safari ile ya ng'ambo, aliingia mtu mgeni mwenye mkoba wa ofisi, akaketi kwenye kiti, akaomba apunguzwe pembeni.

"Wewe ni mgeni huku," kinyozi akasema, akimfunga shuka shingoni.

"Natoka ofisi ya afya. Nimeweka meza pale kwenye baraza ya zahanati yenu. Naandikisha kaya."

Kwenye benchi walikuwepo Chuma mchomeleaji na fundi viatu. Wote wawili walianza kuutazama ukuta kwa makini.

"Tutaletewa daktari?" kinyozi akauliza.

"Daktari analetwa palipo na watu," ofisa akasema, kichwa kimeinama. "Nyie tatizo lenu hamuumwi. Kwa kumbukumbu zetu, huu ndio mtaa wenye afya kuliko yote mjini. Nyumba zimejaa, lakini wagonjwa waliojiandikisha huku hawafiki hata wa kujaza basi. Mkubwa wangu anasema labda ni maji yenu. Anataka yapimwe."

Nyuma ya pazia mwanamke mmoja aliguna.

"Na ukipata watu wa kutosha?"

"Hapo daktari ni lazima. Ni agizo. Lakini meza yangu nitaiondoa mwisho wa wiki, niihamishie mtaa mwingine. Wale wanaumwa kweli." Akajitazama kwenye kioo, akageuza shavu. "Upande huu umeacha kidogo."

Kinyozi alirekebisha upande ule. Akaurekebisha tena, ingawa ulikuwa umeshakaa sawa. Mtaa wao ulikuwa hauna daktari kwa sababu hauna wagonjwa, na hauna wagonjwa kwa sababu yeye, balozi, alikuwa amewahamisha wote kwa mdomo wake.

*

"Basi ni rahisi," kinyozi akasema jioni, benchi likiwa limejaa. "Kila mtu aende pale barazani aandikwe huku. Tukitosha, daktari huyo."

"Tangulia," fundi viatu akasema.

"Nimeshatangulia. Mimi na kaya yangu tumeandikwa leo."

"Wewe hukutangulia, ulifukuzwa," Chuma akasema. Alikuwa bado amevaa miwani yake ya kazi, ameipandisha kwenye paji la uso, akawa kama mtu mwenye macho manne na yote hayaridhiki. "Mtu aliyetupwa nje hawezi kuwaita wenzake kwamba nje kuna hewa nzuri."

Benchi likacheka.

"Sikiliza, Chuma. Kuna zahanati hapo, hatua mbili. Unaona mlango kutoka karakana yako."

"Naona mlango. Nauona kila siku, nimeufunga mimi mwenyewe ule mlango, bawaba zile ni za kwangu. Nyuma ya mlango hakuna mtu. Kule ng'ambo kuna mtu. Binti yangu akibanwa kifua, daktari yule anamwita kwa jina lake la utani, anajua dawa gani inamwendesha moyo mbio na ipi haimwendeshi. Unataka nimwache daktari aliyepo kwa ajili ya daktari wa agizo?"

"Ni wiki chache tu mpaka aletwe."

"Wiki chache ni za mtu anayepumua vizuri, kaka."

Chuma alikuwa na haki, na kinyozi alilijua hilo. Kila mmoja alikuwa na haki. Muuza mkaa, kutoka nyuma ya pazia, alisema binti yake yuko karibu kujifungua na hawezi kuanza kubadilisha madaktari kama mtu anayebadilisha kanga. Fundi viatu alisema yeye ataandikwa, ila awe wa mwisho. Ilionekana kila mtu alikuwa tayari kabisa kuwa wa mwisho.

"Mnajua nitafanyaje?" kinyozi akasema. "Nitaenda na dada yangu pale dirishani, aseme hawajui. Nawafuta wote. Kesho kutwa hamna daktari hata mmoja, mtaenda barazani mkikimbia."

Benchi likaanguka kwa kicheko. Fundi viatu alipiga paja. Huyu ndiye kinyozi wao, aliyewahi kumwambia mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi kwamba yeye amefariki na kuomba apewe muda mpaka afufuke. "Utuandikie na hati ya kifo kabisa, mheshimiwa," mtu akasema.

"Nasema kweli."

"Sema tena," Chuma akasema, akifuta machozi ya kicheko chini ya miwani. "Sema kwa sauti ile ya mwanzo."

Nyuma ya pazia vidole vya mke wa kinyozi vilikuwa vimesimama katikati ya nywele za mteja. Yeye hakucheka. Alikuwa amelala na mtu huyu miaka mingi na alijua sauti anayotumia akiwa hatanii. Ilikuwa sauti ileile ya utani, isipokuwa alikuwa hasubiri kicheko.

*

Vidonge vya mama vilikuwa vinaisha. Muuza duka la dawa alikataa kutoa vya aina ile bila karatasi ya daktari, akajitolea kutoa vya aina nyingine, vya njano, ambavyo alisema vinakwenda na kila kitu. Mke wa kinyozi akavikataa. Mama mwenyewe akatafuta njia: alichukua wembe wa mwanawe, akaanza kukata kila kidonge nusu. Aliipenda kazi ile. Aliifanya mlangoni, penye mwanga, akiokota makombo kwa ncha ya kidole na kuyalamba.

"Mama, nusu haitoshi," mkwe wake akamwambia.

"Na mimi nimekuwa nusu siku hizi. Vinanienea."

Siku iliyofuata, akiwa anatoka bombani na ndoo ndogo, mama alisimama, akaweka ndoo chini kwa utaratibu, akaketi matopeni. Muuza mkaa alipomkimbilia, mama alimjibu kwa maneno ambayo hayakuwa maneno. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Walimbeba ndani. Kinyozi aliacha mteja nusu kichwa, akaja na shuka bado ameishika.

Ilimwachia. Baada ya muda mdomo ulirudi mahali pake na maneno nayo yakarudi, kwanza ya kuomba maji, kisha ya kuuliza ndoo yake iko wapi. Lakini mkono wa kushoto ulibaki mzito, akawa anautazama kama mkono wa mgeni aliyeuacha hapo.

"Hii ilikuwa hodi," mke wa kinyozi akamwambia mumewe uani. "Nilimwona bibi yangu hivihivi. Ikija mara ya pili haigongi mlango."

"Nimpeleke hospitali kubwa?"

"Tulimpeleka mwaka jana. Wakamlaza kwenye korido, wakampa vidonge vya siku chache, wakasema aende kwa daktari wake wa familia." Akashusha sauti. "Ulichosema juzi pale mbele. Ulikuwa unatania?"

"Wao wanasema nilitania."

"Nakuuliza wewe."

Kinyozi akakung'uta shuka. Nywele za mteja zikaanguka uani. "Binti wa Chuma ana pumu," akasema.

"Najua."

"Yule wa muuza mkaa yuko karibu."

"Baba watoto, yote hayo nayajua, nawasuka. Sikukuambia nenda wala sikukuambia usiende. Nimekuuliza kama ulikuwa unatania."

*

Dada alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi na hakumkaribisha mara moja.

"Umeniletea nani tena?"

"Nimekuja peke yangu, dada."

"Ajabu. Jirani zangu hapa wananiita mama wa kijiji, unajua? Mlinzi wa chini aliniuliza hao watu wangu wanapita mlango gani, maana yeye yuko langoni siku zote na hajawahi kuwaona. Nikamwambia ni watu watulivu." Akamtazama vizuri. "Mama anaendeleaje?"

Akamweleza. Dada akaketi, mwiko ukiwa bado mkononi. Yeye pia alikuwa na hoja zake: kwa nini mama asihamie kwake, akaandikwa kihalali, mambo yakaisha? Kinyozi akamkumbusha kwamba walishajaribu. Mama alipanda ngazi zile mara moja, akakaa wiki, akashindwa kushuka, akawa anachungulia dirishani kama mfungwa akiwauliza wapita njia habari za bondeni. Aliporudishwa alisema afadhali afe chini kuliko apone juu.

"Na mume wangu hakufurahi sana wiki ile," dada akakiri. "Haya. Wenzako umewaambia?"

"Nimewaambia wote, kwa mdomo wangu, benchi limejaa."

"Wakasemaje?"

"Walicheka."

Dada akatikisa kichwa polepole. "Umezoea watu wakuchekee mpaka umeharibu mdomo wako, mdogo wangu. Ngoja nivae viatu."

Karani wa dirishani alimkumbuka kinyozi. Aliposikia walichokuja kusema, aliketi sawasawa, akasogeza kibodi karibu.

"Nitasoma majina," akamwambia dada. "Kila jina useme analala kwako au halali kwako. Hakuna nusunusu."

Akaanza kusoma. Halali kwangu, dada akasema. Halali. Halali. Ilikuwa kama kuita darasa ambalo hakuna aliyekuja shule. Kinyozi alisimama pembeni, na kila jina lilikuwa na kichwa anachokijua kwa vidole: huyu ana kovu nyuma ya sikio, huyu nywele zake zinaota kinyume, huyu hulala kitini. Kisha karani akaacha kusoma.

"Huyu mtoto ana alama ya pumu. Anakuja mara kwa mara. Daktari wake hapa atauliza." Akamwangalia kinyozi, si dada. "Analala kwenu au halali?"

Dada naye akamwangalia.

Kinyozi alikuwa na muda wa kufikiri, na baadaye hilo ndilo lililomsumbua zaidi, kwamba alikuwa nao. Alifikiri: akibaki Chuma, watajua nimechagua. Alifikiri: akibaki Chuma, watarudi wote kumng'ang'ania dada, na meza barazani itaondolewa tupu. Alifikiri pia, kwa aibu, kwamba kama Chuma angebaki na daktari na mama yake yeye kinyozi hana, asingeweza tena kumnyoa mtu yule bila kumkata. Dirishani pembeni mgonjwa mwingine alikuwa anaomba kalamu.

"Halali kwetu," akasema.

*

Ujumbe uliingia kwenye simu za mtaa mzima karibu wakati mmoja. Kaya yako imeondolewa kwenye zahanati hii. Tafadhali jiandikishe kwenye mtaa unakoishi. Kwenye karakana ya Chuma moto wa kuchomelea ulizimika. Nyuma ya pazia mwanamke aliyesukwa upande mmoja aliinuka na upande wake mmoja, akatoka.

Walifika kwa kinyozi kwa pamoja na hawakuketi kwenye benchi.

"Ulisema unatania," fundi viatu akasema.

"Sikusema. Nyie ndio mlisema."

"Tulicheka. Mbona hukutuzuia kucheka?"

Chuma alikuwa ameshika kichupa cha dawa cha binti yake cha kupuliza mdomoni, akakitikisa karibu na sikio la kinyozi. Kilikuwa chepesi, kama kiberiti kilichobaki na njiti moja. Akakirudisha mfukoni, akatoka, akaenda barazani. Wengine wakamfuata, wakimtukana kinyozi kwa sauti za kutosha ili asikie akiwa ndani. Walimtukana mpaka kwenye foleni, na walipofika mezani waliacha kidogo, wakataja majina yao na ya watoto wao, kisha wakaendelea.

Ofisa wa afya aliandika mpaka kalamu ikaisha wino, akaazima nyingine kwa mlinzi. Alimwambia mlinzi kwamba katika kazi yake yote hajawahi kuona mtaa ukiugua mchana mmoja namna ile. Idadi ilitimia na kupita. Daktari ataletwa, akasema. Taratibu zikikamilika.

Taratibu zilichukua muda wake, kama zilivyo taratibu. Binti wa muuza mkaa alijifungulia hospitali kubwa, kwenye korido, salama. Mama yake alimpa mjukuu jina, na alipita mbele ya kwa kinyozi akilitangaza kwa kila mtu isipokuwa yeye. Binti wa Chuma hakupata bahati ya kuwa salama. Vumbi la kiwanda cha mbao lilipoanza kupepea na upepo, alibanwa. Kile kichupa kikapuliza hewa tupu. Chuma alimbeba mgongoni kama gunia, akapanda pikipiki ya mtu bila kuuliza inakwenda wapi, akafika naye hospitali kubwa kucha zake zimekuwa za rangi ya wino. Walimwekea hewa. Alikaa huko siku kadhaa, akiishi kwa mrija wa plastiki puani.

Kinyozi alikwenda. Alinunua juisi, akaifunga vizuri. Langoni alimkuta Chuma ameketi juu ya tofali.

"Anaendeleaje?"

"Anapumua."

"Naomba nimwone."

"Hapana."

"Basi mpelekee hii."

Chuma aliitazama juisi kwa muda. "Nenda nyumbani," akasema, bila hasira yoyote, na kukosekana kwa hasira ndiko kulikomrudisha kinyozi haraka.

Kwenye chumba chenye pazia, upande wa mbele ulinyamaza. Wanaume wa mtaa walikwenda kunyoa kwingine, mbali, na waliokuwa wavivu wa kutembea walifuga ndevu, bonde likaonekana kama limeingiwa na watu wa dini mpya. Nyuma wanawake walirudi kusukwa, wachache wachache, maana hasira ya nywele ina mwisho. Kinyozi alisafisha mashine zake mpaka mafuta ya kusafishia yakaanza kumwasha mikono. Siku moja alijaribu utani na mteja mpita njia. Mpita njia akacheka. Kinyozi akaona hakuna haja ya kuendelea.

*

Daktari alikuja na begi moja na bakuli la chakula chake mwenyewe. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, na kitu cha kwanza alichofanya, mlinzi aliwasimulia watu, ni kukivua kitanda nailoni, akaikunja na kuuliza pipa liko wapi.

Foleni ilianza kabla hajafungua. Benchi la barazani lilijaa, wengine wakaketi sakafuni wameegemea ukuta, miguu wameinyoosha mpaka katikati ya njia. Kinyozi alimleta mama yake amemshika mkono ule mzito. Mama alisalimia kila mtu, mmoja mmoja, na kila mmoja alimwitikia yeye. Mwanawe aliyekuwa pembeni yake wakawa hawamwoni, kwa ustadi kabisa, kama watu waliofanya mazoezi.

Mbele kabisa, karibu na mlango, alikuwa Chuma na binti yake. Mtoto alikuwa amekonda, amelala mapajani kwa baba, mdomo wazi kidogo. Kifua chake kilipanda na kushuka, na baba yake alikuwa akikitazama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa.

Mlango ukafunguliwa. "Wa kwanza," daktari akasema.

Chuma hakuinuka. Alimtazama mama, ambaye alikuwa ameanza kuyumba, mkono wake mzima ukitafuta ukuta.

"Mama, pita wewe."

"Na mtoto?"

"Mtoto anapumua. Pita." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya langoni, akamgeukia kinyozi. "Wewe kaa nje."

Kinyozi alimfikisha mama mlangoni, akarudi, akaenda kuketi kwenye ngazi ya mwisho, mwisho wa foleni, ambako jua lilikuwa limeshafika. Kupitia dirisha alisikia mpira ukijazwa upepo kwenye mkono wa mama yake, ukitoa pumzi, ukijazwa tena. Alimsikia daktari akiuliza kwa upole vidonge amekunywa namna gani, na mama akimweleza habari ya kukata nusunusu, kwa fahari, na jinsi wembe mzuri usivyoacha makombo. Halafu kikasikika kiti cha daktari kikisukumwa.

Alitokea mlangoni ameshika kalamu. "Nani amekuja na huyu mama? Nataka kuongea na mtu wake sasa hivi."

Fundi viatu alijikuna shingo. Muuza mkaa alimrekebisha mjukuu mgongoni. Kinyozi aliinuka nusu, lakini alikuwa nyuma ya nguzo na daktari alikuwa anatazama upande mwingine.

"Mama huyu hana mtu?" daktari akauliza.

"Anaye," Chuma akasema. Akanyoosha kidole. "Yule pale kwenye ngazi. Ni mwanawe."

Kinyozi akajipangusa suruali, akaanza kupita. Foleni nzima ilikuwa imekaa na miguu yake njiani na hakuna aliyeivuta; akawa anainua mguu, anaruka mmoja, anaomba radhi, anaruka mwingine, kwa fundi viatu, kwa muuza mkaa, kwa watu wote aliowahi kuwashika vichwa. Alipofika karibu na mlango, Chuma alikunja magoti akamsogeza binti yake karibu na kifua. Labda alikuwa anampa njia. Labda mtoto alikuwa anateleza.

Kinyozi akapita, akaingia.